Maonyesho ya Ng'ombe Waliokonda

Vijana wa kamati ya kijiji walinijia na kalamu wiki iliyopita. Wakaniamkia vizuri, shikamoo bibi, nikaitika marahaba, wakakaa. Wanataka kuandika ubao wa kutundika ukumbini, useme ukumbi ulijengwa lini na nani, na ule uwanja wa maonyesho ulianzaje. Mmoja akaniambia, "Bibi, sisi tumeshaandika kwamba ulijengwa na Wajerumani. Tunataka tu uthibitishe." Wajerumani! Nikamwambia, mwanangu, mimi nimezaliwa wakati wa Wajerumani, nimewaona kwa macho yangu haya, na sijawahi kumwona Mjerumani hata mmoja amebeba tope. Tope nililibeba mimi. Alilibeba mama yangu, na shangazi zangu, na bibi yangu ambaye wakati huo mgongo wake ulikuwa umeshapinda.

Walicheka, wakanywa uji, wakaondoka. Sidhani kama walibadilisha kitu. Basi nimeona niandike mwenyewe, maana kusoma na kuandika nilijifunza kwa wamisionari nikiwa mtu mzima, na sikujifunza ili niandike orodha ya dukani.

Kabla ya ukumbi pale palikuwa uwanja tu. Ardhi ngumu, tambarare, haioti nyasi hata mvua ikinyesha vipi. Baada ya mavuno watu walicheza ngoma pale, vijana wakirukaruka na wasichana wakiwacheka wasiojua. Wakati wa kiangazi ng'ombe walipita hapo kwenda kisimani. Hapakuwa na mwenyewe kwa sababu palikuwa pa wote. Akida alipoletwa kwetu kututawala kwa niaba ya boma, mtu wa pwani, kanzu yake nyeupe na kofia, alipaangalia akasema hapa pako wazi, hapa tutajenga nyumba ya baraza. Kwake yeye mahali pasipo na nyumba hapana mwenyewe.

Sisi tuko upande wa Makutupora. Siku hizo hapakuwa na zabibu, palikuwa na miiba na fisi. Reli ilikuwa imeshafika Dodoma, na boma lilikuwa Dodoma, na amri zote zilitoka huko. Wanaume wakaambiwa wakate miti ya migunga. Wanawake wakaambiwa walete udongo, maji na samadi. Malipo hapana. Palikuwa na msimamizi mwenye kiboko, na sisi tulikuwa na nyimbo. Tulimwimba akida kwa Kigogo, jinsi anavyotembea, jinsi tumbo linavyomtangulia mlangoni, na yeye, maskini wa Mungu, hajui neno, anatikisa kichwa na kupiga makofi kwamba hawa wanawake wana moyo wa kazi. Nilikuwa msichana wa kuchumbiwa, nilicheka mpaka tope likanidondokea machoni.

Ugomvi mkubwa ulikuwa mlango. Nyumba zetu za tembe, zenye paa la udongo, milango yake ni mifupi. Mtu akiingia lazima ainame. Mafundi wetu wakaweka mlango wa namna hiyo, akida alipoingia kofia ikaanguka. Akasema mlango uvunjwe, uinuliwe. Wazee wakamwuliza, sasa mtu ataingiaje kwenye nyumba ya watu amesimama hivyo, kama anaingia porini? Akasema hii si nyumba ya watu, hii ni nyumba ya serikali. Mlango ukainuliwa. Bibi yangu alipoingia mara ya kwanza aliinama vilevile, juu yake kumebaki nafasi ya mtu mwingine mzima.

Ndivyo ukumbi ulivyojengwa. Tembe kubwa, mlango mrefu, paa la udongo linalovuja. Mle ndani watu walihukumiwa, waliulizwa wana nini, na waliapa kwamba hawana kitu. Hapo ndipo nataka kufika.

Maana lazima mjue jinsi watu wetu wanavyofuga. Mgogo mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizini kwake. Anampa rafiki yake wa upande mwingine awatunze, na yeye anatunza wa rafiki huyo. Maziwa ni ya anayetunza, mbolea ni ya anayetunza, lakini ng'ombe na ndama wake ni wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia kwangu, waliopo kwako wanapona. Mvua ikikataa kwako, waliopo kwangu wanakula. Ukipita barabarani ukaona zizi limejaa, usiseme huyu tajiri, huenda hata mkia mmoja si wake. Na hadharani haulizwi mtu ng'ombe huyu ni wa nani. Ni aibu, ni kama kumwuliza mkwe wako umri wake. Wenyewe wawili wanajua, inatosha.

Baba yangu alikuwa na rafiki wa namna hiyo, kwa mwendo wa asubuhi moja kutoka kwetu, kuelekea milimani. Mwaka wa njaa, nikiwa mdogo, kwetu kulikauka kabisa, mama akachemsha mizizi. Huyo rafiki alikuja mwenyewe na gunia la uwele kichwani, mwanamume mzima mwenye heshima zake, amebeba kichwani kama mwanamke, kwa sababu hakutaka kumtuma mtu tukafa huku mtu anatangatanga njiani. Waswahili wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi nipo duniani kwa sababu ya lile gunia. Ndiyo maana niliyoyaona siku ya maonyesho yaliniumiza kuliko kiboko.

Bwana shauri, ndivyo tulivyomwita Mdachi, yaani Mjerumani, mkubwa wa boma, aliamua kwamba mbele ya ukumbi wetu pafanyike maonyesho. Akida akaita watu akatangaza: kila mwenye nyumba alete mfugo wake mzuri na mazao yake mazuri, bwana shauri atakagua, na mwenye ng'ombe bora kuliko wote atapata zawadi. Asiyeleta kitu ataenda kutengeneza barabara. Uwanja ukafyekwa pembeni, ukazungushiwa miiba, ukasimikwa mlingoti wa bendera.

Zawadi! Watu walitazamana tu. Nani amewahi kuona serikali inauliza mali yako iko wapi halafu inakupa zawadi? Wakarudi nyumbani kila mtu na akili yake, na akili zote zilikuwa moja: ng'ombe wanono wapelekwe porini, na uwanjani apelekwe yule ambaye hata akichukuliwa hutamlilia.

Sasa shida ikawa ng'ombe waliokonda. Ilikuwa baada ya mvua nzuri, malisho tele, ng'ombe wote wanang'aa. Gofu la ng'ombe likawa kitu cha kutafutwa! Na baba yangu alikuwa nao, wazee wake kadhaa waliobaki na mbavu na pembe. Majirani wakaanza kuja. Wa kwanza alikuja asubuhi na kibuyu cha asali, anazunguka na maneno, habari za watoto, habari za shamba, mwishowe, "Nisaidie na yule mkondefu wako, nitamrudisha." Baba akampa. Mwingine akamchukua yule wa jicho moja. Mwingine akaja kumchukua kilema. Mama akamwambia, "Baba watoto, wewe utapeleka nini?" Baba akasema, "Nitaona." Baba yangu hakujua kusema hapana. Wema usizidi uwezo, wake ulizidi kila siku, na mama ndiye aliyeubeba.

Wazuri wake mwenyewe walikuwa kwa marafiki, mbali. Siku ya maonyesho ilipofika, zizini kwetu alibaki ng'ombe mmoja tu na ndama wake. Jike jekundu, baka jeupe kwenye paji, nundu imesimama, kiwele kimejaa mpaka anatembea ametanua miguu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia ndama mama akikamua. Alikuwa wa yule rafiki.

Baba alitaka kumpeleka porini alfajiri, lakini nyumba yetu ilikuwa jirani na uwanja, na askari walikuwa wameshafika. Mmoja akachungulia zizini akasema, "Ala! Huyu hapa!" Baba akamfunga kamba ng'ombe wa mwenzake, akaenda naye kwenye maonyesho. Kwamba angeweza kupeleka jogoo, hilo lilimjia mama baadaye, na alilisema kwa mwaka mzima.

Jamani, mngeiona siku ile! Nimeona maonyesho mengi tangu hapo, ya Waingereza, ya uhuru, yenye matrekta na bendi, lakini yale sijapata kuona mfano wake. Uwanja mzima umejaa wagonjwa. Ng'ombe wanaegemeana wasianguke. Mbuzi mwenye upele. Kondoo asiye na masikio. Mtama uliotobolewa na wadudu, umepangwa vizuri kwenye ungo. Wafanyabiashara wa Kondoa waliokuja na samli na nguo wameshika viuno, wanacheka kwa siri. Bwana shauri anapita katikati ya mistari, uso mwekundu, haulizi kitu. Akida nyuma yake jasho linamtoka, anasema mwaka huu, bwana, ugonjwa, bwana. Na wenye mali wamesimama kando ya mali zao, nyuso za huzuni, kama wako msibani kweli.

Halafu akafika kwa baba.

Alisimama. Akamzunguka yule ng'ombe, akamgusa mgongo, akamshika nundu, na kwa mara ya kwanza akacheka. Waswahili wanasema kizuri chajiuza. Akasema maneno kwa lugha yake, akida akapaza sauti ili uwanja wote usikie: "Bwana shauri anauliza, ng'ombe huyu ni wa nani?"

Wazee wakaangalia chini.

Nilikuwa nyuma ya baba na mama. Nikaangalia upande wa pili wa uwanja, na yule rafiki alikuwa pale, amesimama na mbuzi wake wa upele. Mwezi mmoja kabla, ndani ya ukumbi ule, aliulizwa na akida ana ng'ombe wangapi, kwa sababu boma lilitaka ng'ombe wa nyama, akaapa kwamba hana hata mmoja, ana mbuzi tu. Kila mtu alisikia. Baba akisema ni wa yule pale, rafiki atalazwa chini mbele ya watu wote apigwe viboko kwa uongo, na ng'ombe wake wote waliotawanyika watatafutwa zizi kwa zizi. Baba akisema ni wangu, basi amejitwalia ng'ombe wa rafiki yake hadharani, mwenyewe anamwona, watu wote wanamwona. Kwetu urafiki wa ng'ombe ukivunjika haurudi, na asiye na rafiki huyo mwaka wa njaa atazikwa na wanawe. Nilimchukia akida kwa swali lile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Baba akasema, "Wangu."

Mzee mmoja karibu yetu akatema mate chini. Rafiki aligeuka, akamvuta mbuzi wake, akaondoka uwanjani polepole, na baba akamwangalia mgongo mpaka akapotea.

Zawadi ilikuwa blanketi jekundu. Bwana shauri alimwekea baba mabegani kwa mikono yake, watu wakaamriwa kupiga makofi, wakapiga. Halafu akasema, na akida akatafsiri kwa furaha, kwamba ng'ombe mzuri hivi hafai kukaa kijijini, atapelekwa kwenye zizi la boma Dodoma azae huko, na kwamba hiyo ni heshima kubwa. Baba akafungua mdomo. Askari wakawa wameshashika kamba. Ndama aliyekuwa zizini akamsikia mama yake anapitishwa barabarani, akalia, na yule ng'ombe akajibu, na wakajibizana hivyo mpaka vumbi likatulia.

Nyumbani mama hakusaza neno. "Ungesema hujui! Ungesema umemwokota! Ungesema wa mtemi!" Baba anasema, "Maji yakimwagika hayazoleki." Mama akasema basi ayalambe. Blanketi alikataa lisiingie ndani, likakaa nje juu ya ua, na usiku wa kiangazi ulikuwa wa baridi ya kukata masikio na hakuna aliyeligusa. Majirani walirudisha wale waliokonda, mmoja mmoja, bila kukaa. Hawakumtukana baba. Walimsalimia haraka, kama mtu asalimiavyo mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Wao walijua kwa nini alisema vile, si wajinga, lakini ng'ombe alikuwa ameondoka na neno lilikuwa limesemwa, na mwenye kulipima neno lile alikuwa mtu mmoja tu, naye kimya. Hakuja. Hakutuma mtu. Baba aliacha kula jioni. Siku moja nilimkuta amekaa zizini peke yake, anamtazama ndama, nikamwuliza, "Baba, unaumwa?" Akasema, "Mwanangu, nimemwokoa mgongo nikamwua moyo."

Mwishowe akaniita asubuhi. "Mswage ndama, twende tukamrudishe." Mama alikuwa anatwanga, akaacha mchi, akaenda kwenye ua akalitoa lile blanketi, akalikunja, akampa baba. Mpaka leo sijui kama wazo lilikuwa lake.

Tukaondoka. Ndama alikuwa mkaidi, anataka kurudi, nikawa namsukuma kwa goti. Tulipofika, mke wa rafiki alitutolea vigoda, akaenda kusimama mlangoni. Rafiki alikuwa amekaa uani anachonga mpini wa jembe. "Mbukwa," akasema baba. "Mbukwa," akaitika, akaendelea kuchonga. Salamu ya kwetu hainyimwi mtu, hata adui, kwa hiyo haikutuambia kitu.

Kuna desturi. Ng'ombe uliyepewa kumtunza akifa, unamchuna, unampelekea mwenyewe ngozi. Anaifungua, anaangalia rangi, anaangalia alama ya sikio, anajua kwamba ni yeye kweli na hukumuuza wala hukumla kwa siri. Akiridhika anasema ndiye. Asiporidhika ananyamaza, nawe unainuka unakwenda zako, na hapo mmemalizana. Baba hakuwa na ngozi. Ng'ombe alikuwa hai Dodoma, anakula majani ya serikali.

Akapiga magoti, akalitandaza lile blanketi chini mbele ya rafiki yake. Alilitandaza kama ngozi inavyotandazwa, shingo huku, mkia kule. Akarudi kigodani akainamisha kichwa.

Mimi nilitaka kucheka, Mungu anisamehe, kwa hofu tu. Rafiki aliweka chini mpini. Halafu akainuka, akachuchumaa, akaanza kulikagua. Akapitisha kiganja mgongoni. Akashika pembe ya juu, pale ambapo sikio lingekuwapo, akaigeuza, akaitazama vizuri, akairudisha. Akaenda upande wa mkia.

"Ndiye," akasema.

Baba hakuinua kichwa.

"Alikufa kwa ugonjwa gani?" akauliza rafiki.

"Maonyesho," baba akasema.

"Ugonjwa mbaya huo. Hauna dawa." Alikaa chini palepale juu ya vumbi, karibu na magoti ya baba. "Siku ile nilikuja nyumbani nikamwambia mke wangu, ameniibia. Mchana kweupe ameniibia. Mke wangu akanivua nguo mgongoni, akanipapasa, akaniuliza, iko wapi alama ya kiboko? Tangu siku hiyo nimekuwa naona haya kuja kwako. Nilisema atafikiri nimekuja kudai."

Baba akasema, "Nimekuletea ndama wako."

Rafiki akamwangalia yule ndama, jinsi nilivyomshika shingo, na akanikemea mimi, si baba. "Wewe msichana, umemchosha bure mtoto wa watu. Ndama huyu kwao ni kwenu. Mpe maji, kisha umrudishe zizini kwa baba yako, na akizaa mje mniambie."

Blanketi lilibaki kwake, kama ngozi inavyobaki kwa mwenye ng'ombe. Tulikula, tukaaga, tukashika njia. Tulipopita kile kilima ambacho nyumba yake haionekani tena, baba alianza kulia. Alilia kwa sauti, wazi, anatembea huku analia, machozi yanaingia ndevuni, wala hakujificha kwangu. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia, hata mwaka wa njaa. Nilimwacha alie. Nilikwenda mbele na ndama, ambaye sasa alikuwa anakimbia, maana alishajua tunarudi nyumbani.